Mwenyekiti wa mtaa, ulizia leseni kabla hujagonga mhuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii mikopo ya mitaani ambayo wenyewe tunaiita kausha damu, na hasa namna inavyodaiwa, maana habari ya riba watu wameshaongea sana lakini kwenye kudai naona bado tunaona aibu kusema. Mimi ni wakala wa pesa za simu huku Mbagala, kwahiyo pesa za watu zinapita mkononi mwangu kutwa nzima, na wanaodaiwa wa mtaa huu nawajua pengine kuliko maafisa mikopo wao.

Siku za rejesho zinajulikana. Asubuhi mapema tu akina mama wanaanza kuja, mmoja anatoa 20,000 aliyotumiwa na mwanae, mwingine ananipa simu ananiambia "dada hebu niangalizie kama wananiruhusu kukopa leo", namuangalizia, anaruhusiwa 35,000, anaitoa pale pale anakimbia nayo kwenye kikundi. Wiki inayofuata deni la simu limefika mda wake, anaenda kuchukua kwa mtu binafsi kule mtaa wa pili alipe la simu, na la mtu binafsi nalo linasubiri kikundi kingine. Ukimuuliza unadaiwa shilingi ngapi kwa jumla anakwambia "we acha tu". Sio kwamba anaficha, hajui kweli, kwasababu hakuna siku yoyote aliyokaa chini akayajumlisha yote na hakuna mkopeshaji ata mmoja aliyemuandikia.

Kuna mama mmoja anauza vitumbua na chai, yeye aliniletea daftari lake la rejesho nimsaidie kupiga hesabu maana alikua haelewi kwanini kila siku analipa na mtaji unazidi kuisha. Mkopo ni 200,000. Siku ya kupewa kakatwa 10,000 ya fomu na 5,000 wanayoiita bima, kwahiyo mkononi kapata 185,000. Rejesho ni 10,000 kila siku kwa siku 26, kuanzia kesho yake, ata mchele hajaloweka. Piga mwenyewe hapo, ni 260,000. Yani kwa 185,000 aliyoshika anatoa 75,000 juu, na haimalizi ata mwezi. Alafu ukumbuke hizo 185,000 hakukaa nazo siku zote 26, ilipofika siku ya 13 alishakua amerudisha 130,000, kwahiyo hela iliyobaki inafanya kazi kwake ilikua ndogo sana lakini rejesho liko pale pale 10,000. Nikamuuliza kwenye vitumbua ukitoa mchele, sukari, mafuta na mkaa unabaki na ngapi kwa siku, akasema siku nzuri 9,000, siku ya mvua 4,000. Sasa hiyo 10,000 inatoka wapi kila siku? Inatoka kwenye mtaji. Rejesho lilikua linakula mchele wa kesho.

Nilipomwambia kwamba Benki Kuu iliweka ukomo kwa hawa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, aliniangalia kama namtania. Asilimia 3.5 ya 200,000 ni 7,000. Elfu saba! Yeye katoa 75,000.

Na huo ukomo wenyewe ukishaujua bado kuna kitu cha kuangalia, maana riba inaweza kua ya halali kwa jina na bado ikakuumiza kwa namna inavyopigwa. Tuchukulie milioni 1 kwa miezi 10 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kama wanapiga riba kwenye deni la mwanzo mpaka mwisho, kila mwezi ni 35,000, jumla 350,000. Kama wanapiga kwenye salio lililobaki, na wewe kila mwezi unapunguza laki moja ya mkopo, mwezi wa kwanza riba 35,000, wa pili 31,500, inashuka hivohivo, mpaka unamaliza umelipa riba 192,500. Mkopo ule ule, asilimia ile ile, tofauti 157,500. Hiyo ni ada na sare na madaftari ya mtoto mwezi wa kwanza. Ni watu wangapi wanauliza "riba yenu inapigwa kwenye nini" kabla ya kusaini? Mimi niliyekaa kwenye pesa mda mrefu nimeielewa hii tofauti ukubwani, na hakuna darasa lolote nililosoma walinifundisha.

Sheria ipo, hilo niliseme wazi maana wengi wanadhani huku mtaani ni shamba la bibi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa 2018 na kanuni zake zikatoka 2019, na imewagawa watoa huduma kwa madaraja manne. Kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha kama biashara wapo daraja la pili na wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, SACCOS ni daraja la tatu wako chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikoba vyetu ni daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kwahiyo yule baba anayekaa nyumbani kwake na daftari na rundo la kadi za benki za watu kwenye droo anakopesha kwa riba ya asilimia 30, huyo anafanya kazi ya leseni bila leseni, na wateja wake wanamuogopa yeye wakati yeye ndo alitakiwa aogope.

Sasa nije kwenye kudai.

Jirani yangu, mama wa watoto watatu, alikua na mkopo akakwama kipindi cha masika. Wanaoishi huku wanajua, mvua ya mwezi wa nne ikishika barabara za ndani zinageuka mito, mtu wa biashara ya kutembeza anakaa ndani siku nne tano, lakini rejesho halijui mvua. Alipokosa marejesho kadhaa wakaja jioni, saa 12 na kitu, vijana wanne na kirikuu. Wakaingia ndani wakabeba tivii, wakabeba jiko la gesi na mtungi wake, feni, alafu wakarudi wakabeba godoro la watoto. Mkubwa, binti wa darasa la sita, alikua anafanya homwek juu ya hilo godoro, akaambiwa nyanyuka. Majirani tulitoka, watu wamejaa, wengine wanarekodi kwa simu. Mzee mmoja wa pale ndo akapata ujasiri wa kuuliza "wanangu, mna karatasi ya mahakama?" Kijana mmoja akatoa fomu ya mkopo kwenye begi akaionyesha, akasema "mzee karatasi hii hapa, mwenyekiti wenu kagonga mhuri, unataka nini tena?" Na kweli mhuri wa serikali ya mtaa ulikuwepo, wa duara, umekolea. Mzee akanyamaza, wote tukanyamaza, kirikuu kikaondoka.

Ule mhuri ndo umenifanya niandike barua hii. Kwa kawaida mtu akienda kukopa anaambiwa alete barua ya utambulisho au fomu igongwe mhuri na mwenyekiti au mtendaji, na maana yake ni moja tu, kwamba huyu tunamfahamu ni mkazi wa mtaa wetu. Basi. Haisemi mkopeshaji ni halali, haisemi masharti ni ya haki, na kwa namna yoyote haisemi mtu akikwama aingiliwe ndani abebewe godoro. Lakini kwa macho ya mwananchi wa kawaida mhuri ni serikali, kwahiyo wanaodai wanautumia kama amri ya mahakama na sisi tunaupokea kama amri ya mahakama. Mwenyekiti mwenyewe labda aligonga kati ya barua ishirini asubuhi hiyo, ata hakusoma.

Nimeulizia kwa watu wanaojua sheria na nikasoma mwenyewe nilichoweza. Deni la mkopo ni jambo la madai. Mkopeshaji akiona hajalipwa anaenda mahakamani, na mahakama ya mwanzo inasikiliza kesi za madeni ya namna hii, haihitaji wakili wala safari ya mjini. Akishinda, mahakama ndo inatoa amri, na anayekuja kukamata mali ni dalali wa mahakama mwenye barua yenye namba ya shauri. Na ata huyo dalali habebi kila kitu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai imetaja vitu ambavyo havikamatwi kwenye kutekeleza hukumu, na miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na zana za fundi anazofanyia kazi. Soma tena hapo. Vyombo vya kupikia. Matandiko. Zana za kazi. Yani vitu vilevile ambavyo kirikuu kinabeba kwanza, kwasababu wanaodai wanajua mama atalia kwa jiko na kitanda cha watoto kabla hajalilia tivii. Fundi cherehani akibebewa cherehani atalipa kwa kushona na nini?

Kuna watakaosema natetea wasiolipa. Hapana. Dawa ya deni kulipa, hilo halina ubishi, na mimi mwenyewe nina watu wamechukua pesa kwangu kwa ahadi ya "nakurudishia jioni" wakahama mtaa, najua inavyouma. Wapo wanaochukua kwa wakopeshaji watatu kwa wakati mmoja huku wanajua hawatalipa, wapo wanaochukua mkopo wa biashara wakaenda kuchangia sare ya harusi. Mkopeshaji ana haki ya kupigia simu, kuandika barua, kuja nyumbani mchana kistaarabu akaongea na mdaiwa, kukaa nae wapange upya marejesho, na ikishindikana kwenda mahakamani. Njia zote hizo ziko wazi na hazimvunjii mtu utu wake. Ninachokataa ni mtu kujipa ujaji, ujumbe wa mahakama na udalali vyote yeye mwenyewe jioni moja.

Na kubeba vitu ni sehemu tu. Kwenye vikundi kuna ile ya kufungiwa, mmoja asipokuja na rejesho basi kikao hakifungwi na hakuna anayeondoka mpaka pengo lizibwe, wanawake wanakaa pale mpaka saa nane mchana, mtoto ananyonyeshwa hapo hapo, biashara imelala, mwisho wanachangishana kwa hasira na kuanzia hapo yule aliyekosa anakua adui wa mtaa mzima. Wanaenda nyumbani kwake kundi zima wanakaa mlangoni wanaimba. Nyumba zimevunjika kwa hilo. Kuna waliokimbia, wameacha watoto kwa bibi wamerudi mkoani, na mume anakuja kuambiwa na majirani kwamba mkewe alikua anadaiwa.

Upande wa simu ni mbaya kwa namna yake. Unapakua programu ya mkopo, inaomba ruhusa ya kuona namba zote zilizopo kwenye simu yako, wewe una shida, unabonyeza ndio. Ukichelewa siku mbili wanaanza kutuma meseji kwa watu wako. Mimi nimezipokea kwa ajili ya wateja ambao walinisevu tu kama "wakala". Unakuta meseji imeandikwa kwamba fulani ni tapeli, anadaiwa, na wewe umewekwa kama mdhamini wake hivyo mwambie alipe ndani ya masaa mawili. Mimi sijawahi kumdhamini mtu yeyote. Meseji hiyo hiyo imeenda kwa bosi wake, kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa mtoto, kwa shehe wa msikiti anaoswali. Mkopo wenyewe 40,000. Kuna binti wa dukani alifukuzwa kazi kwasababu hiyo, bosi aliona kama mwizi akaogopa kumuachia droo.

Kwenye hili serikali imefanya kitu na lazima isifiwe. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wanaokopesha kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokua zinakopesha bila kibali na ikaonya wananchi wasizitumie. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na Tume yake ipo inapokea malalamiko. Namba za mama mkwe wako ni taarifa zake yeye, hakumpa mkopeshaji. Tatizo ni kwamba programu ikifungiwa kwa jina moja leo wiki ijayo ipo kwa jina lingine na rangi nyingine, na mteja wangu haendi kusoma tovuti ya Benki Kuu, anaangalia tangazo lililomjia wakati anaangalia vichekesho kwenye simu.

Kuna na hawa wenzetu waajiriwa, walimu, manesi, walinzi, na wastaafu, hawa kausha damu yao ni kuacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji. Mshahara ukiingia yeye ndo anatoa, anakata chake, anakupa kilichobaki. Wengine ni miaka hawajawahi kushika kadi yao. Ndugu zangu, namba ya siri haikopeshwi. Ukishaitoa, siku akichukua zaidi ya mlichokubaliana huna pa kusimamia maana benki itakuuliza nani alimpa namba.

Nataka niseme neno kuhusu vijana wanaotumwa kudai maana na wao ni watoto wetu. Wengi wamemaliza chuo, hawana kazi, wamepata hii, na wanavyosimulia wakija kuweka pesa kwangu ni kwamba rejesho lisipotimia wanakatwa wao kwenye mshahara, wengine wanalipwa kwa kamisheni tu ya walichokusanya. Kijana kama huyo akifika mlangoni kwako jioni anatetea kodi yake ya chumba. Kwahiyo ukitaka kudai kuwe kwa haki uanzie kwa mwenye kampuni, namna anavyowalipa hawa vijana. Kampuni ikipewa leseni iulizwe na hilo, maafisa wako wanalipwaje, wamefundishwa nini kuhusu kudai, nani anawajibika wakivunja mlango wa mtu.

Alafu elimu. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulionyesha asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka 65 mwaka 2017, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni hizi simu. Ni jambo zuri na mimi ndo kazi yangu. Lakini kumfikishia mtu mkopo kwenye kiganja ndani ya dakika moja bila kumfikishia maarifa ya kuupima, hapo tumemfungulia mlango wa kuingia tu. Tunayo Wiki ya Huduma za Fedha kila mwaka, mabanda mazuri, fulana, vipeperushi. Mama wa vitumbua haendi kwenye mabanda. Siku akienda amepoteza 9,000.

Elimu imfuate pale alipo na imfuate kabla ya kusaini. Kikundi kinakutana kila wiki, afisa maendeleo ya jamii wa kata aende pale nusu saa tu na daftari moja la mfano, sio slaidi, achukue mkopo halisi wa mmoja wao wapige hesabu kwa pamoja kama nilivyofanya na yule mama. Mkononi umepata ngapi, jumla utarudisha ngapi, rejesho la kwanza lini, ukichelewa penati ngapi na inapigwa mara moja au kila siku, na faida ya biashara yako kwa siku mbaya, sio siku nzuri, inafika rejesho? Hilo la mwisho ndo linawaangusha wengi, wanapiga hesabu kwa siku ya sikukuu. Kliniki za watoto, vijiwe vya bodaboda, saluni, baada ya swala, baada ya ibada, huko kote watu wapo wamekaa na wanasikiliza. Na watoto pia, maana sasa hivi somo la biashara limeingia sekondari kwenye mtaala mpya, mwalimu awape kazi ya kuleta fomu ya mkopo halisi wa mtaani waisome darasani, wataenda kuwafundisha mama zao.

Na kuwafundisha kudhamini. Watu huku wanadhamini kama wanavyotoa salamu, mtu anakuja "shoga nisainie hapa nawahi", anasaini. Hajui kwamba mwenzake akihama usiku, kirikuu kinakuja kwake.

Jambo lingine ni lazima tuwe na pa kukimbilia. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwasababu ya upotevu wa fedha, ikarudi mwaka uliofuata. Nashukuru imerudi. Lakini mama akiomba leo anazungushwa, katiba ya kikundi, andiko la biashara, akaunti, vikao, wakati kausha damu anampa ndani ya saa moja. Mtoto akiumwa usiku hasubiri andiko. Ndo maana kwa dharura mimi huwa nawasukuma kwenye vikoba vyao wenyewe, mfuko wa jamii wa kikoba unasaidia na riba mnayolipana inarudi kwenu mwisho wa mwaka mkigawana, mradi kikoba kisajiliwe na daftari liwe wazi kwa kila mwanachama.

Sasa narudi kwenye mhuri maana hapo ndo naona tunaweza kuanza kesho asubuhi bila kusubiri bajeti wala sheria mpya. Naomba wenyeviti wa mitaa na watendaji wote wa Dar es Salaam, Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni, mtu akileta fomu ya mkopo mgongee mhuri, muulizeni vitu viwili. Nakala ya leseni ya mkopeshaji iko wapi? Na karatasi ya hesabu kwa Kiswahili inayoonyesha anapokea ngapi mkononi na anarudisha ngapi jumla iko wapi? Havipo, usigonge. Msomee hiyo karatasi kwa sauti kama hajui kusoma vizuri, dakika tano. Na chini ya mhuri iandikwe kabisa kwamba mhuri huu ni wa utambulisho wa makazi tu na hauruhusu mtu yeyote kukamata mali. Mstari mmoja. Ule mstari ungekuwepo kwenye fomu ya jirani yangu, yule mzee angekua na cha kujibu.

Wakurugenzi wa halmashauri watusaidie orodha ya wakopeshaji wenye leseni ichapwe kwa maandishi makubwa ibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye kila zahanati, ata kwetu mawakala tuleteeni tutabandika. Polisi nao wanapopigiwa simu kwamba kuna watu wanabeba vitu ndani kwa mtu wasiseme tu "hayo ni madeni yenu malizaneni", waulize karatasi ya mahakama, isipokuwepo basi wanaobeba ndo wenye kesi ya kujibu. Na wewe uliyebebewa, andika vitu vyote vilivyochukuliwa siku hiyo hiyo, na majirani walioshuhudia, namba ya gari, hifadhi meseji usizifute kwa hasira, peleka malalamiko kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi ubaki na nakala, asipokujibu peleka Benki Kuu, wana sehemu ya kupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Kama huna uwezo wa wakili kuna watoa msaada wa kisheria bure, sheria yao ipo tangu 2017, ulizia ofisi ya kata.

Na wewe Mhariri nina ombi kwako. Magazeti yenu yanafika mpaka kwenye meza za kahawa huku, mtu mmoja ananunua wanasoma kumi. Tuchapishieni kila mwisho wa mwezi orodha ya wakopeshaji wenye leseni wanaofanya kazi Dar, jina la kampuni, namba ya leseni na ofisi ilipo, na pembeni hesabu ya mkopo mmoja imepigwa mpaka mwisho kwa Kiswahili cha kueleweka. Nusu ukurasa unatosha. Mkianza mwezi huu itawakuta watu kabla ya mikopo ya ada za Januari.

Wakala wa pesa za simu,
Mbagala, Dar es Salaam